Adabu ya Sebuleni

Kengele ya baiskeli ya mama muuza maziwa haisikiki tena asubuhi kwenye mzunguko wa barabara, lakini madereva wa zamani bado hupunguza mwendo wakifika pale.

Binti yake hasahau siku alipomfuata kwa pikipiki ndogo ili ajifunze njia. Walipofika mzungukoni mama alimwacha atangulie. Aliingia roho mkononi, amejibana pembeni. Lori lililokuwa likitoka halikumwona, likamkata mbele, akaponea chupuchupu, akarudi kwa mama ukingoni.

“Mama, nilikaa pembeni niwapishe wakubwa!”

“Adabu hiyo ya sebuleni, mwanangu. Huku ukijibana wanakusahau. Shika katikati ya njia yako, mtazame dereva machoni, nyoosha mkono, ndipo uende.”

Kisha mama akaingia, mwembamba kama ufito, madumu mawili ya maziwa nyuma. Akanyoosha mkono. Lori likasimama, basi likasimama, na yale machuma yote yakamngoja mwanamke mmoja apite. Binti alipigwa na bumbuwazi. Halafu akaingia nyuma yake, katikati, mkono umenyooka. Naye wakamngoja.

Siku hizi mama yuko nyumbani, goti limegoma. Maziwa anapeleka binti.