Benchi Zima Lilijibu La

Khavere alishindwa kukaa. Tangu amzae Valentine, miguu yake ilikuwa kama ya mtu mwingine: afagie ua, akimbie ndani kuangalia jiko, atoke kuanua nepi ambazo hazijakauka, kisha azianike tena. Ukungu wa mlima ulikuwa bado umeilalia Kiganjo, naye alishafagia pale pale tena na tena. Simiyu mumewe, askari, alimwambia tu, "Mama Vale, kunywa chai kwanza." Lakini mama mkwe alikuwa amepiga simu kutoka Kimilili: kama kichwa cha huyo msichana hakijatulia, mtoto aletwe nimlee mimi.

Ndiyo maana alishtuka watu wa chuo kikuu walipoleta kliniki maswali yao ya kupima hali ya mawazo ya akina mama. Kila mama aliingia peke yake, akasomewa sentensi, ajibu ndiyo ama la. "Mimi hukasirika haraka." Mimi hushindwa kutulia mahali pamoja. Jirani yake Wachuka ndiye aliyetangulia. Alipotoka alipita kwenye benchi akinong'ona, kama mtoto aliyetoka kwa mtihani wa darasa la nane.

"Ya hasira, la. Ya wasiwasi, la. Yote la, isipokuwa ile ya kupenda watu. Ukisema ndiyo, ati unaandikwa mgonjwa."

"Wewe umejuaje, Mama Ngatia?" Khavere alimuuliza.

"Si nimeona! Nikisema ndiyo, yule msichana wa chuo anaandika mpaka kalamu inalia."

Benchi zima lilicheka, na benchi zima likajibu la. Khavere pia alijibu la, huku akimbembeleza mtoto aliyekwisha kulala. Akaenda nyumbani na huo uzima wake, akashika ufagio.

Baada ya wiki mbili wakaitwa tena. Safari hii aliyesimama mlangoni ni Sista Monicah, anayewachanja watoto wao, mikono kiunoni.

"Nyinyi akina mama, mlitupikia nini? Benchi zima jibu moja! Hata mapacha hawafanani hivyo."

Wachuka akajifunika uso na leso.

"Hatuwapimi nyinyi, tunapima maswali, kama yanaweza kumjua mtu anayeumia. Mkiyadanganya, kesho mama mwingine kule Timau ataulizwa haya haya, aambiwe ni mzima, na si mzima. Na majina hatuandiki."

Aambiwe ni mzima, na si mzima. Khavere aliingia ndani na maneno hayo kifuani. Sista akasoma, yeye akajibu, mpaka wakafika pale.

"Mimi hushindwa kutulia mahali pamoja."

Khavere alimkumbatia Valentine kwa nguvu. "Sista, mama mkwe akisikia?"

"Atasikia kwa nani? Mimi siko na namba yake."

Chini ya meza miguu ilikuwa inacheza. Aliitazama.

"Ndiyo," alisema. "Hata sasa hivi."

Sista aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Hii karatasi haitibu mtu. Lakini Alhamisi kuna daktari wa mambo ya mawazo hapa. Nitakaa na wewe. Uje na mtoto."

"Nije naye?"

"Sasa umwache na nani? Si ni wako?"

Khavere alicheka, machozi yakamtoka, akainuka kabla hajaruhusiwa. Nje Wachuka alimdaka mkono: "Umejibu nini?" Khavere alimfunga Valentine mgongoni, akashika njia ya nyumbani kwa haraka yake ile ile.