Mkorosho Uliolala kwa Mama Zuhura

Mwanangu, mpaka leo naikumbuka siku mkorosho wa mjomba ulipolala kwa Mama Zuhura. Nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka michache tu. Leo nimekalia kiti cha wazee, nivumilie, nikimaliza nitashuka.

Ilikuwa mwisho wa msimu wa korosho, hapa kwetu Newala, mawingu ya kwanza yameshaanza kujikusanya. Mchana ukaja upepo, tukasikia kishindo. Kukimbilia, mkorosho uliokuwa mpakani umelalia pembe ya nyumba ya jirani yetu. Mama Zuhura mwenyewe mzima, kuku wazima, bati limebonyea kidogo. Lakini gata limepondeka lote, na tawi limeziba mdomo wa kisima.

Wewe uliyezoea bomba utasema gata ni kitu gani. Huku juu hatuna mto. Maji yanatoka mbinguni, yanapita kwenye bati, yanafuata gata, yanaingia kisimani, na ndiyo hayo utakunywa kiangazi chote. Mvua zikikupita huna gata, utashuka bondeni na ndoo mpaka mwaka mwingine. Na Mama Zuhura magoti yake mabovu, kijana nyumbani hana. Aliangalia mawingu, akaangalia gata.

"Shikamoo Mama Zuhura. Pole."

"Marahaba. Kamwite mwenye mti."

Nikatoka mbio kwa mjomba wangu, Baba Rukia. Nikamkuta anakula muhogo.

"Mjomba, mkorosho wako umeangukia nyumba ya watu."

"Wangu? Mwaka huu si wangu, niliukodisha kwa Baba Hamisi. Kwani msimu huu umeniona nikiokota korosho pale?"

Kweli sikumwona. Huku kwetu ni kawaida, mti unabaki wako, korosho za msimu anaokota mwenzako mliyekubaliana. Nikapanda baiskeli mpaka kwa Baba Hamisi.

"Mimi nilikodi korosho," akasema. "Au unasikia nilikodi na mizizi?"

Nikarudi kichwa kinaniwasha. Wiki iliyopita ungeokota korosho moja tu pale chini, wangekufukuza wanaume wawili. Leo mti umelala, hataki hata mmoja. Ulikuwa na baba wawili, upepo umeufanya yatima. Nikawa najiuliza njia nzima, hivi mti ni wa nani, wa aliyeupanda au wa anayeula? Na ukishamwangukia mtu, ndiyo unakuwa wake?

Nikachukua panga, nitoe lile tawi la kisimani tu. Mjomba akanidaka mkono. "Ukiugusa, watasema tumekubali ni wetu." Na Baba Hamisi alikuwa amewakataza wanawe kwa maneno hayo hayo. Basi mti ukalala pale kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kumwandalia kitanda.

Mvua ya kwanza ikaja. Maji yakashuka kwenye bati, yakamwagika uwanjani, yakaenda zake barabarani. Mama Zuhura anahangaika na sufuria na beseni, huku akinga, kule yanamwagika. Nilicheka kidogo mwanzoni, sikufichi. Halafu nikaona anakinga hadi kwa kikombe, nikakimbilia ndoo nikamsaidie.

Kesho yake Mama Zuhura akamwita mwenyekiti wa kitongoji, Mama Anna, mwanamke asiye na haraka hata nyumba ikiungua. Mjomba na Baba Hamisi nao wakaitwa, nikasubiri aulize mti wa nani. Hakuuliza. Alikwenda kwenye kisiki, akainama, akachomeka fimbo, fimbo ikazama yote. Ndani mchwa wamejenga mji.

"Mama Zuhura, uliujua huu kuwa mbovu?"

"Niliujua. Nilimwambia Baba Hamisi siku anaupulizia dawa ya salfa. Nikaligonga shina mbele yake, likalia kama ngoma."

"Baba Hamisi?"

"Aliniambia. Na mimi nikamwambia mwenye mti."

Macho yote kwa mjomba. Mjomba akajikuna shingo. "Tulikuwa harusini, muziki unalia."

"Ulisikia, hukusikia?"

"Nilisikia. Nikasema korosho ziishe kwanza."

Mama Anna akakaa juu ya gogo. "Upepo ungeng'oa mti wenye afya, kila mtu angefagia uwanja wake, tukapeana pole, yakaisha. Huo hauna wa kulaumiwa. Lakini huu mliambiwa. Ukiambiwa mti wako unaoza ukauacha, siku ukianguka umeuangusha wewe. Mmoja mwenye mti, mwingine alikuwa anaula, na wote mna masikio. Baba Hamisi, kata, safisha uwanja. Baba Rukia, gata ni lako. Asiyeridhika aende baraza la kata, simzuii. Ila kateni kwanza, mvua haisubiri kesi. Mimi ni shahidi, aliyeshika shoka leo hajakubali kitu."

Baba Hamisi akalitazama gogo. "Na kuni je, mwenyekiti?"

"Kuni zangu," mjomba akadakia.

Mama Zuhura ndiye aliyeanza kucheka. "Kumbe mti una wenyewe. Juzi niliwatafuta, mlikuwa wapi?"

Kuni zikabaki kwake. Baba Hamisi akaenda kuleta shoka, jioni mdomo wa kisima ukawa wazi.

Mjomba akafuata gata Masasi, akarudi juu ya bodaboda amelishika kama mkuki. Mimi nikapanda juu ya bati, misumari mdomoni, wingu jeusi liko kichwani. Nagonga msumari wa mwisho, matone hayo. Sikushuka, nilitaka kusikia. Maji yakaingia kwenye gata, yakakohoa majani kidogo, halafu yakaanza kudondoka kisimani. Mama Zuhura kakaa mlangoni, kafumba macho, anasikiliza.

"Shuka, utapata homa," akaniambia. "Kiangazi njoo unywe."

Basi mwanangu, kabla mawingu hayajaja, zunguka mpaka wako, uigonge miti. Jirani akikwambia mti wako mbovu, hakuonei wivu, mshukuru, uukate. Ukiona mbovu wa kwake, mwambie mbele ya mtu mwingine, pasipokuwa na muziki. Mkikodishana, semeni mapema nani anaokota na nani anakata. Na ukishaanguka, uliza kwanza nani kakosa maji. Hilo la mti wa nani mtalijibu mikono ikiwa imeshika shoka.

Mungu akusimamishie miti yako, akujazie kisima chako, na akupe jirani asiyeogopa kukwambia.