Njano Aliyoiandika Kahonzi

Linet Kahonzi wa Ganda, karibu na Malindi, ana duka la chakula cha kuku, na ana kazi nyingine ambayo mumewe mpaka leo haielewi. Kila siku saa nane mchana, wateja wakipungua, huketi juu ya gunia la pumba, akafungua simu na kuingia katika mji uliojaa mazombi, yaani maiti wanaotembea na kula watu. Mchezo wenyewe hauna picha, ni maneno matupu. Lakini usimcheke. Kati ya pumba na mazombi, mazombi ndio wanaomtoa jasho.

Kazi yake ni kupima hatari. Humtembeza mtu wake wa mchezoni nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja, akahesabu mazombi walio nje, akatazama milango ipi imezibwa kwa makabati na ipi imevunjwa, kisha akawaandikia taarifa wachezaji wenzake arobaini. Kijani, mtaa salama. Njano, tahadhari. Nyekundu, kimbia. Nyeusi, mtaa umeanguka. Mchezaji akizima simu, mtu wake hubaki amelala palepale chumbani, na akiliwa ndio basi, hafufuki, hata uwe umemlea miaka minane. Ndiyo maana watu husoma rangi ya Kahonzi kwanza ndipo wakachagua pa kulala. Sharti ni moja tu: andika ulichokiona kwa macho yako. "Yule mama hana huruma," walikuwa wakisema, na walikuwa wakimshukuru.

Aliyemwingiza mchezoni ni shoga yake Nduku, Mkamba wa Kitui anayefua mashuka katika hoteli moja ya Malindi. Na Jumanne moja Nduku alikuwa amelazwa hospitalini, tumbo limemvimba, anangoja kupasuliwa kesho yake. Ndugu hana pwani hii, kwa hiyo alikuwa amemwandikisha Kahonzi kuwa ndiye jamaa yake wa karibu. Asubuhi hiyo daktari alimwita Kahonzi pembeni akamwambia wazi: uvimbe si mdogo, huenda umeshasambaa, na upasuaji wenyewe ni wa hatari.

"Jioni nitakuja nimweleze mwenyewe," daktari akasema. "Wewe uliye karibu naye mwandae. Kama ana mtu wa kumwita, amwite sasa."

Kahonzi akarudi kitandani kwa Nduku. Nduku akamkazia macho. "Amesemaje? Nimwite mama?" Kutoka Kitui ni safari ya kutwa, na mama mwenyewe ana magoti mabovu.

"Aaa, mama wa nini! Kauvimbe tu," Kahonzi akasema, akacheka.

Kwao mgonjwa haambiwi. Utamkuta mtu anakata roho, na waliomzunguka wanamwambia leo umechangamka kweli. Ndivyo alivyolelewa, na alirudi Ganda bila kuona kosa lolote.

Saa nane akafungua simu. Mazombi thelathini na mmoja walikuwa wamesimama mbele ya jumba la hospitali la mle mchezoni. Mlango wa nyuma umevunjwa, taa zimezimika, ndani wamelala watu kumi na mmoja, na mmoja wao ni mtu wa Nduku. Hiyo nyekundu, haina mjadala. Kidole kikaenda kwenye nyekundu, kikasita. Nduku atasoma, maana hata kitandani hakosi kusoma. Hana nguvu ya kumhamisha mtu wake, ataogopa bure, kisha kesho aingie kwenye kisu na hofu hiyo. Kahonzi akaandika njano.

Saa tisa na nusu simu ikaanza kulia mfululizo. Jumba limevamiwa. Walioliwa ni kumi na wawili, na huyo wa kumi na mbili alikuwa wa Nahashon, dereva wa lori, aliyemlaza mtu wake mle saa tisa kwa kuiamini rangi. Nahashon aliandika mstari mmoja: "Mama, ulisema njano." Hakutukana. Afadhali angetukana. Kahonzi akampimia mteja chakula cha vifaranga badala ya cha kuku wa mayai.

Kisha ikaingia simu kutoka kwa Nduku, na hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko yote.

"Kahonzi. Mtu wangu ameliwa."

"Nimeona, shoga. Pole."

"Huyo nitamwanzisha mwingine. Wewe uliona nini pale, kwa macho yako?"

"Thelathini na mmoja. Mlango wa nyuma hakuna."

"Hiyo ni nyekundu."

"Ni nyekundu."

"Mbona ukaandika njano?"

"Wewe ni mgonjwa, Nduku. Ningekuambiaje?"

Kahonzi akasikia kitoroli cha chakula kikipita wodini, sahani zikigongana, na pumzi za Nduku, fupifupi. Hapo ndipo Kahonzi alipong'amua alichokisema.

"Na asubuhi," Nduku akasema polepole, "daktari alikwambia rangi gani?"

Kahonzi alifungua kinywa acheke tena. Kicheko hakikuja.

"Nyekundu," akasema.

Nduku akalia. Kahonzi naye akalia palepale dukani, mteja amemsimamia na ndoo yake hajui atazame wapi. Walilia hivyo kwa muda, kila mmoja na simu yake sikioni. Mwisho Nduku akavuta kamasi.

"Ningekuwa nimemwita tangu asubuhi. Sasa mpigie mama wewe, mimi sitaweza. Na usimpunguzie, Kahonzi. Hata moja."

Kahonzi akapiga Kitui, akiomba moyoni isipokelewe. Ikapokelewa upesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nduku hajambo?"

Maisha yake yote swali hilo amelijibu kwa neno lilelile, hata matangani. Safari hii alifumba macho akasema, "Hapana mama, ana jambo," kisha akamweleza yote aliyoambiwa na daktari, na kwamba kisu ni kesho asubuhi. Mama wa watu akapiga yowe. Halafu Kahonzi akamsikia akimuuliza mtu wa nyumbani kwake basi la Mombasa linapita saa ngapi.