Dirisha la Mama Shuka

Siku ya ukaguzi Mama Shuka aliamka kabla ya mtoto, jambo ambalo si dogo, maana mwanawe aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno ndiye aliyekuwa jogoo wa nyumba ile. Akabaki chali kitandani, moyo unamdunda kama wa bi harusi. Leo ndiyo leo.

Jina la Mama Shuka alipewa na wapangaji. Nyumba ilikuwa ya baba mkwe wake, nyumba ya kulala kwa bei nafuu: makuli, walinzi, mafundi, kila mtu na kitanda chake cha chuma ndani ya chumba kimoja kirefu. Mumewe, dereva wa malori ya mbali, leo yupo kesho hayupo. Basi yeye ndiye aliyefua shuka, na ndiye aliyechemsha maji akayamimina kwenye maungio ya vitanda, huko kunguni wanakojenga miji yao. Lakini msimamizi hakuwa yeye. Kwa kweli msimamizi hakuwepo. Kulikuwa na baba mkwe tu, aliyepita jioni na kumtandikia mtu mwingine mkeka popote alipoona sakafu.

Ndipo halmashauri ikaleta sheria mpya. Nyumba zote za kulala kwa pamoja ziwe na leseni. Vitanda viachane, dirisha lifunguke, na awepo msimamizi anayeishi humo humo, jina lake liandikwe kwenye leseni, likitokea la kutokea ajibu yeye.

"Nafunga," baba mkwe akasema siku aliyosikia. "Kuna mtu anaitaka nyumba aweke stoo ya saruji. Saruji haikohoi wala haiulizi dirisha."

"Baba, niandikishe mimi."

"Wewe? Usimamie wanaume wazima na mtoto mgongoni?"

"Mtoto hajawahi kuwasumbua, baba. Wao ndio wanamsumbua kwa kukoroma."

Mzee akacheka bila kupenda. "Haya, mama. Tukipita, jina lako. Tukianguka, saruji."

Tangu hapo nyumba ilipata homa. Treni, kuli aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mkoromo wake, alipiga chokaa kuta zote mpaka nyusi zake zikazeeka. Mlinzi aliyelala mchana alikubali kuamshwa ili godoro lake lianikwe, akalala kwenye kiti bila kunung'unika. Na jana yake, Mama Shuka alipompeleka mtoto kliniki, Fundi Rangi akamfanyia sapraizi. Alirudi akakuta dirisha la mbao, lile moja kubwa linalotazama barabarani, limepakwa rangi ya mafuta, buluu, linang'aa kama sahani mpya.

"Nimelifunga, lisishike vumbi," Fundi Rangi akasema. "Msiliguse mpaka kesho."

Mama Shuka alitaka kulia kwa furaha. Hakuna aliyeligusa.

Afisa wa afya alikuwa mwanamke mrefu, mkoba begani, futi ya kupimia mkononi. Alianza nje, kwenye magodoro yaliyopangwa juani chini ya dirisha. Akapekua mishono kwa ncha ya kalamu, asione mdudu. Akaenda chooni, akarudi bila kukunja pua. Akapima nafasi kati ya kitanda na kitanda. Mama Shuka alimfuata nyuma, mtoto mgongoni, akihisi miguu inataka kucheza. Baba mkwe alisimama mlangoni, kofia mkononi. Wapangaji walikuwa wamejipanga ukutani kama wanafunzi.

"Vizuri," afisa akasema. "Sasa nifungulieni dirisha."

Mama Shuka akasukuma. Halikutikisika. Akasukuma kwa viganja vyote viwili.

Akageuka taratibu. "Fundi," akasema kwa upole wa kutisha, "ulipaka na kwenye maungio?"

Fundi Rangi alikuwa akitazama dari. "Nilipaka makoti mawili ya rangi, shemeji. Nilitaka lipendeze."

"Ameligandisha," mlinzi akasema. "Jamaa ametuzika hai."

"Nipisheni," Treni akasema, na kabla hajakatazwa akatia bega.

Dirisha likatoka. Halikufunguka, lilitoka lote, na fremu yake na vumbi la ukuta, likaangukia magodoro kwa kishindo laini. Jua likaingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi. Barabarani mama mmoja mwenye kikapu alisimama akawatazama, nao wakamtazama. Mtoto mgongoni akaangua kicheko peke yake.

Afisa aliuma mdomo, mabega yakimtikisika. Kisha akajikaza. "Kufunguka limefunguka. Ila sheria inataka lifungike pia. Nina nyumba nyingine mtaa huu. Nikipita tena nikakuta tundu, hamna leseni."

Alipotoka tu, kila mtu akaanza kumlaumu mwenzake. Mama Shuka akapiga makofi mara moja.

"Kelele hazishiki fremu. Treni, lilete ndani. Fundi, kisu, kwangua rangi yako yote kwenye maungio. Wewe mlinzi, vipande vya mbao na misumari." Akasita. "Na wewe, baba, tafadhali, tuombee saruji kidogo kwa yule rafiki yako wa stoo."

Chumba kizima kikamtazama mzee. Mzee akavaa kofia yake, akaenda. Akarudi na ndoo, anahema, mikono ya shati imekunjwa.

Afisa aliporudi aliligusa dirisha kwa vidole viwili. Likafunguka. Akalivuta, likafungika.

"Msimamizi ni nani?"

Mama Shuka alimweka mtoto sawa mgongoni. Baba mkwe alipangusa saruji kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Ni huyu," akasema. "Mke wa mwanangu."

Mama Shuka akaulizwa jina, akalitaja lote, la kwake na la baba yake, jina ambalo wapangaji hawakuwahi kulisikia. "Ndiye nani huyo?" Treni akanong'ona, akapigwa kiwiko.

Jioni, leseni ikiwa imeshatundikwa ukutani, akaja kijana na furushi lake, amechoka, anatafuta pa kulala. Vitanda vyote vina watu.

"Mtandikie mkeka hapo koridoni," baba mkwe akasema. "Usiku mmoja tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mama Shuka alimtazama kijana, viatu vyake vimepasuka pembeni, akamwonea huruma. Akamletea maji ya kunywa kwanza, akangoja amalize.

"Koridoni halali mtu tena, baba."

"Umeanza kunitawala kwangu?"

"Jina lililopo ukutani si lako, baba. Likitokea la kutokea, nitaulizwa mimi."

Wapangaji walijifanya wamelala, wote, hata Treni, ambaye hakukoroma.

Mzee akakohoa. Akachukua furushi la kijana, akalitupia begani mwake mwenyewe.

"Twende, mwanangu," akamwambia. "Nyumba ya pili kutoka hapa najua wana kitanda. Hapa msimamizi wetu ni mkali."