Kipimamvua Chenye Paa

Juzi asubuhi nilikuwa katika ofisi moja ya mtaa kule Shauri Moyo, nikingojea barua yangu, mama mmoja alipoingia leso ikichuruzika maji. Mvua ya usiku ilikuwa imemfuata mpaka kitandani, naye alikuja kuomba godoro la msaada.

Karani alitoka uani kutazama kipimamvua, akarudi akitikisa kichwa.

"Mama, jana mvua haikunyesha. Kipimo ni kikavu. Msaada ni wa walioathiriwa na mvua, si wa bomba lililopasuka."

"Haikunyesha? Na haya matope miguuni mwangu?"

"Mimi nafuata kipimo, mama."

Tukatoka sote kukiona. Kimefungiwa ndani ya kizimba cha nondo, wezi wa vyuma chakavu wasije wakakibeba. Hapo sina neno. Lakini juu ya kizimba wamepigilia bati jipya linalong'aa.

"Na hili bati je?" mama akauliza.

"Hiyo ni amri ya mkubwa," karani akajibu kwa fahari. "Mali ya serikali haiwezi kuachwa inyeshewe."

Mama alisogea kwenye kizimba. Alivua leso, akapitisha mikono chini ya bati, akaikamua juu ya kipimo mpaka tone la mwisho.

"Haya, soma sasa."

Karani aliinama, akasoma, akaandika. Godoro likatolewa.

Kumbe mvua ya mtaa huu haitoki mawinguni. Mwananchi huibeba mwenyewe mpaka ofisini.