Vifaranga wa Kijani wa Nasirumbi

Jirani yangu Nasirumbi, mfuga kuku wa hapa Sikuda, hashauriki, na mimi nimechoka kujaribu. Wenzake hupaka vifaranga rangi ya pinki ili mwewe awaogope. Yeye akawapaka kijani, wafanane na nyasi.

Edgar, daktari wa mifugo, akamwambia, "Mama, ndege wanaona rangi ambazo sisi hatuzioni. Kijani yako na ya nyasi, kwa mwewe ni rangi mbili."

"Kwani mwewe alikuambia lini?" akafoka.

Kesho yake mwewe akashuka, akabeba mmoja bila kusitasita.

Jioni nilimkuta Nasirumbi amepiga magoti nyasini, anapapasa.

"Usikanyage hapo!" akanipigia kelele. "Wamebaki tisa, na siwaoni hata mmoja!"