Jina Lililokuja na Sweta

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Mvumi, kitoto kichanga kikilia mchana na usiku watu hawakuuliza kinaumwa nini. Waliuliza kinaitwa nani. Iliaminika kwamba kuna mkubwa wa ukoo, marehemu, anayetaka jina lake lirudi nyumbani, na mtoto hatanyamaza mpaka apewe jina hilo. Sikulicheka jambo hili wakati ule, na hata leo silicheki sana, ingawa ninauza nguo za watoto hapa Chang'ombe ya huku kwetu, si ile ya pwani, na kazi yangu imenifundisha mengine.

Mdogo wangu alizaliwa mwezi wa sita, wakati upepo wa kwetu unakausha midomo mpaka inapasuka. Kabla yake Mama alikuwa amezaa mtoto wa kike, hakumaliza hata mwezi, tukamzika. Kwa hiyo huyu alipofika salama, na wa kiume juu yake, sote tulikuwa tunapita karibu yake kwa kunyata. Hakuna aliyethubutu kufurahi kwa sauti.

Aliyefurahi wazi ni Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa ameolewa mjini na hakujaliwa mtoto. Alikuja na begi. Ndani yake mlikuwa na sweta, kofia, soksi na suruali yenye mpira miguuni, vyote vya rangi ya bluu ya mbingu, vinang'aa, vinateleza mkononi kama sabuni iliyoloa. Vilikuwa vya nailoni, lakini nani alijua nailoni? Tulijua ni vya dukani. Mama alivipitisha shavuni mwake akafumba macho. Na pamoja na begi hilo Shangazi alileta jina: Brayani.

"Brayani ni nani kwetu?" Bibi aliuliza. Bibi Dorika ndiye mama yao, Baba na Shangazi, na boma lile lilikuwa lake tangu babu alipofariki.

"Si mtu, Mama. Ni jina tu. Jina la kisasa."

"Kwetu hakuna jina tu," Bibi alisema, akaendelea kupepeta uwele wake.

Basi mtoto akaitwa Brayani na akavishwa Ubrayani wake kuanzia kichwani mpaka kidoleni. Mimi nilikuwa darasa la tatu, shule imefungwa, na kazi ya kumlea ikawa yangu. Kila asubuhi Mama alimwogesha, akampaka mafuta ya mgando mwili mzima mpaka anameremeta, akamvisha suruali, sweta, kofia, akamfunga blanketi, akanibebesha mgongoni. Nilikuwa nasikia joto lake likipita kwenye gauni langu. Ikifika mchana, mgongo wangu ulikuwa umelowa chapachapa, na jasho halikuwa langu peke yangu.

Haukupita muda mrefu vipele vikaanza. Vidogo, vyekundu, shingoni kwanza, halafu kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja, halafu mgongo wote. Na kilio nacho kikaanza. Jamani, mtoto yule alilia! Alilia mpaka sauti ikakauka akabaki anafungua mdomo tu. Mama alimpeleka zahanati, na mhudumu akamwambia maneno mafupi, ampunguzie nguo, mtoto ana joto. Mama akaitikia, ndiyo, asante. Tulipotoka nje upepo ukatupiga usoni na vumbi lake, naye akaongeza kanga juu ya blanketi.

"Mama, si amesema tumpunguzie?"

"Yule hajazika mtoto," Mama alijibu, tukaondoka.

Siwezi kumlaumu. Yule aliyemtangulia alikwenda kwa kifua, na tangu hapo baridi kwake ilikuwa mtu mwenye jina na uso. Akimwona huyu anatetemeka kwa kulia, yeye aliona baridi. Alizidisha mafuta, alizidisha nguo. Ngozi ikaanza kupasuka na kutoa maji, mtoto akakataa ziwa, mashavu yakaingia ndani. Baba akaanza tena kukaa nje peke yake bila kusema na mtu, kama alivyokaa siku za yule mwingine. Hapo nami nikaogopa.

Kuna kitu nilikuwa nimekiona, maana mtoto alikuwa mgongoni kwangu kutwa. Nikamfuata Bibi jikoni.

"Bibi, mbona akiogeshwa ananyamaza? Tukimvisha tu, anaanza."

Bibi akaacha kukoroga. Akaniangalia kama niliyemletea habari kutoka mbali. "Babu yako alipenda maji, mke mwenzangu," alisema. "Kile kisima cha bondeni alikichimba yeye. Sasa unaona?"

Kwa Bibi kila kitu kilikuwa na babu ndani yake. Lakini nadhani maneno yangu yalimaliza jambo alilokuwa akilitafakari, kwa sababu jioni ile ile alimtuma Baba kwenda kumwita Shangazi.

Shangazi alifika na asubuhi iliyofuata tukakusanyika uani, mbele ya tembe letu, jua ndiyo kwanza linapanda. Bibi alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, akaanza kwa sala. Alipomaliza akasema, "Huyu mtoto hana ugonjwa. Huyu analilia jina la Ndahani, baba yenu. Leo atapewa."

Baba akaitika kwa kichwa. Mama akasema ndiyo haraka haraka, angesema ndiyo kwa lolote. Shangazi alichezea pindo la kanga yake.

"Na jina likitoka," Bibi akaendelea, "litoke na vitu vyake vyote. Mvueni."

"Mama!" Shangazi akasimama. "Ina maana nguo zangu zimekuwa uchawi? Mimi nimemletea mtoto wa kaka yangu uchawi?"

"Sikusema uchawi. Brayani ni mgeni, na mgeni akiondoka haachi mzigo wake nyumbani kwa watu."

Shangazi akaanza kulia. Mama naye alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili, anatazama upepo unavyosukuma majani uani. "Atapigwa na baridi, Mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Babu yake anamwita, wewe unamfungia mlango?"

Mama akamwachia. Bibi akamvua mwenyewe, kofia, sweta, suruali iliyokuwa imegandia kwenye mapaja, akaitoa polepole huku anampuliza. Akanywa funda la maji kutoka kwenye kibuyu, akamnyunyizia kifuani kwa mdomo, puu, akamwita, "Ndahani! Umefika kwako, Ndahani." Kisha akatoa shuka la babu. Lilikuwa shuka la pamba alilojifunga babu maisha yake yote ya uzee, limefuliwa na kuanikwa juani miaka hata likawa jepesi, ukiliinua unaona mwanga. Shangazi alikuwa amegeuka ukutani anajifuta. Bibi akamwita.

"Njoo wewe ndiye umfunge. Mimi mikono yangu migumu."

Shangazi akaja, kamasi na machozi, akamfunga mpwa wake kwenye shuka la baba yake, kwa kulegeza, kama Bibi alivyomwelekeza. Mtoto akapiga chafya. Tukasubiri kilio. Akatutazama mmoja mmoja, akapiga mwayo mkubwa wa mtu mzima aliyechoka, akalala.

Alilala mpaka jua likavuka utosi. Mama hakusogea. Kila baada ya kitambo aliweka sikio puani kwake, akainuka, akaliweka tena. Mtoto alipoamka akanyonya kwa pupa hata akapaliwa, na Mama akacheka, mara ya kwanza kucheka tangu ajifungue. Tangu siku ile hakuvaa tena sweta lile wala kupakwa mafuta yale, mchana alifungwa shuka tu, usiku alilala kifuani kwa Mama. Vipele vikakauka, ngozi ikabambuka na mpya ikaja. Kijiji kizima kilisema mzee Ndahani amerudi. Shangazi alirudi mjini na begi lake, na Bibi akamtania mlangoni, "Msalimie Brayani."

Na Bibi, jamani, alipata mume! Kila asubuhi alikuja kwenye mkeka wa mtoto, akapiga goti moja na kumwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mume wangu," vile vile alivyomwamkia marehemu. Sisi tulicheka mpaka tunashika mbavu. Yeye hakucheka.

Nimeshika vitambaa vingi tangu hapo. Najua kwamba pamba hunywa jasho likakauka, nailoni hulifungia ndani likaipika ngozi, hasa ukishaipaka mafuta juu yake. Mteja akitaka kujua kitambaa ninachomuuzia, nachomoa uzi mmoja pembeni ya mshono nauchoma kwa kiberiti. Wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa nailoni unayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Nguo mpya nawaambia waifue kabla ya kumvisha mtoto, itoke dawa ya kiwandani. Wengine wananiambia mimi ni mwenye duka wa ajabu, ninamkataza mteja kununua. Sawa. Mimi nimembeba mtoto aliyevishwa vibaya, wao hawajambeba.

Lakini haya sikuwahi kumwambia Ndahani. Ningemwambiaje? Amekua akijua kwamba babu mwenyewe alimchagua. Firigisi ya kuku alipewa yeye tangu ana meno ya kung'atia. Vikao vya ukoo alikaa mbele akiwa bado kijana, na leo yeye ndiye anayesuluhisha migogoro ya shamba letu, kwa utulivu ambao hatukuutarajia. Kila alipotaka kufanya upuuzi mtu alimwambia, "Ndahani asingefanya hivyo," naye akaacha.

Sasa ni fundi umeme, anaishi kule Chimwaga na mkewe Neema. Msimu huu wa upepo walipata binti. Baada ya majuma machache akaja dukani kwangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Dada, mtoto analia hanyamazi. Ana vipele mpaka masikioni. Nimejua, anataka jina la Bibi. Lile shuka la babu liko wapi?"

"Bibi alizikwa nalo, umesahau?"

Akakaa kwenye kibao changu, akashika kichwa. Nikafunga duka, nikachukua kanga yangu kuukuu ya pamba, tukaondoka.

Nilichokikuta ni kile kile, ila siku hizi kina zipu. Vazi zima moja, manyoya laini ya plastiki nje na ndani, kofia yenye masikio ya sungura, na katoto kamo humo kamelowa jasho, kekundu kama nyanya.

"Neema, mvue huyu. Kitambaa hiki kinampika."

"Wifi, atapigwa na baridi. Halafu hii nguo ni ghali, si ya hivi hivi."

Nikamweleza habari ya jasho. Nikamweleza pamba. Nikachoma uzi mbele yake ukawa kidonge. Aliangalia yote kwa adabu, na mkono wake haukutoka kwenye zipu. Nikamwona Mama yangu pale, na baridi yake yenye jina na uso.

"Neema, huyu anamtaka Bibi Dorika," nilisema. "Na Bibi Dorika hakuzipenda nguo hizi hata kidogo."

Zipu ikashuka.

Tulimpangusa kwa maji ya uvuguvugu bila mafuta, tukamfunga kanga kwa kulegeza, nikawaagiza kesho wampeleke akapimwe hata kama atalala. Na alilala. Ndahani akanifuata barazani, akaniuliza bila kunitazama.

"Dada. Ni Bibi kweli, au ni nguo?"

Mdogo wangu si mjinga. "Ni nguo," nikamwambia.

"Na mimi?"

Miaka yote niliogopa swali hilo. "Na wewe ulikuwa na joto, Ndahani. Mhudumu alisema, mimi mwenyewe nilisema. Mama hakutusikia. Angemsikia nani? Alimzika mtoto. Ni babu tu aliyeweza kumfanya akuvue."

Akanigeuzia mgongo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Kwa hiyo mzee hakuwa na shida ya jina. Alitaka nivuliwe sweta tu!"

"Labda."

"Basi alinivua," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanatoka kweli. "Si alinivua, Dada?"

Alimvua, ni kweli. Nimelipima jambo hili kwa kila namna na kila mara linaishia hapo. Jina la marehemu lilimwokoa mtoto ambaye ukweli wa walio hai ulishindwa kumfikia, na sioni aibu kwamba siku ile nililitumia tena.

Akajifuta uso kwa kiganja, akarudi ndani. Nikamwona kupitia mlangoni akipiga goti moja kando ya kitanda, fundi umeme na buti zake, akainamisha kichwa mbele ya kale kafurushi ka kanga.

"Mbukwenyi, Bibi," alisema.

Niliitikia mimi, maana mwenyewe alikuwa amelala.